Lebo Zilizobanduliwa

Maiti ilikuwa nyuma ya kaunta, imelala ubavu, na chini ya kichwa chake paliwekwa gunia tupu lililokunjwa vizuri kama mto.

Inspekta alichuchumaa kando yake bila kugusa kitu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wamsogelee ili wamsikie, na wakishasogea husema zaidi ya walivyokusudia. Alilitazama lile gunia kwa muda mrefu kuliko alivyoitazama damu.

"Nani amemwekea hili?"

Koplo alijibu kwamba hakuna askari aliyegusa kitu, na fundi wa kompyuta aliyeikuta maiti ameapa kwamba aliikuta hivyo hivyo.

Marehemu alijulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Misumari. Yeye na mumewe waliuza vifaa vya ujenzi katika duka hilo la mlango mmoja tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Waliuza misumari, bawaba, vitasa, rangi, mabomba, nyaya, kila kinachotakiwa na mtu anayejenga au anayebomoa. Jua la alasiri lilikuwa bado linaingia dirishani na kumulika makopo ya rangi. Droo ya pesa ilikuwa imefungwa, na mauzo ya siku yalikuwa humo ndani hayajaguswa. Kilichokosekana ni kompyuta ya dukani, pamoja na skana na mashine ndogo ya kuchapa lebo. Juu ya kaunta palibaki alama ya mraba isiyo na vumbi.

"Mwizi wa kompyuta," Koplo alisema. "Mama akamkabili, naye akamsukuma."

"Mwizi aliyeacha pesa."

"Pengine alishtuka, Afande."

"Akashtuka, halafu akatafuta gunia safi, akalikunja, akamlaza mama wa watu vizuri?"

Koplo alikuwa kijana mkubwa wa mwili, mwepesi wa methali, lakini hiyo ya siku hiyo haikumjia.

Inspekta aliinuka akapita kati ya rafu. Upande wa kulia kila bidhaa ilikuwa na lebo yake nyeupe yenye mistari myeusi na bei. Upande wa kushoto hapakuwa na hata moja. Kila kitasa na kila kopo la rangi lilibaki na doa la gundi mahali palipokuwa na lebo. Sakafuni vilitapakaa vipande vya karatasi vilivyojiviringisha kama maganda.

Koplo alikisia kwamba mhalifu alikuwa akifuta ushahidi.

"Ushahidi wa nini? Wa bei ya kitasa?"

Fundi wa kompyuta alikuwa amekalishwa nje kwenye kreti, mkoba wake magotini. Ndiye aliyewafungia mama na mzee ule mfumo wa kompyuta mwaka uliopita. Alieleza kwamba binti yao anaishi mji mwingine na huliona duka kwenye simu yake kupitia mtandao. Mchana huo mfumo ulizimika ghafla. Binti alimpigia mama yake, simu ikaita bila kupokelewa. Ndipo akampigia yeye, akamwomba apite kuangalia kama umeme umekatika. Aliukuta mlango umerudishwa tu, na kibao cha "Tumefunga" kimegeuzwa nje.

Inspekta alikaa kwenye ukingo wa baraza, karibu naye.

"Una ufunguo wa hapa?"

"Sina, Afande."

"Ulipatana na wenye duka?"

"Mama alikuwa kama mama yangu."

"Nimeuliza wenye duka."

"Na mzee hatukuelewana. Juzijuzi aliniambia nichukue takataka zangu niondoke. Alinishikia nyundo."

"Nawe ukamjibu nini?"

"Nilikuwa na hasira, Afande."

"Ukamjibu nini?"

"Nilisema hiyo mashine ikipotea wasinitafute mimi."

Koplo alishusha pumzi kama mtu aliyemaliza kazi. Walimpeleka fundi kituoni, na Inspekta hakuwa na sababu ya kukataa.

Nyumba ya marehemu ilikuwa nyuma ya mtaa huohuo, mwendo mfupi wa miguu. Mumewe alikuwa sebuleni peke yake, ameketi kwenye meza iliyotandikwa sahani mbili, akichokonoa kucha kwa njiti ya kiberiti. Watu walimwita Mzee Kamusi. Kwa miaka mingi mteja alitaja kitu tu, naye akasema bei yake na rafu yake bila kugeuza shingo. Mafundi ujenzi walikuwa na utani wao kwamba hata ukipoteza mke, nenda kwa Kamusi, atakwambia yuko rafu ya ngapi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Karibuni. Mwenyewe hayupo, lakini anakuja sasa hivi."

Inspekta alimwambia. Hakuna namna nzuri ya kusema jambo kama hilo, na yeye alikuwa ameshaacha kuitafuta. Mzee alilia kwa sauti, akijipiga paja kwa ngumi, mpaka majirani wakaingia na kumshika mabega. Kilikuwa kilio cha kweli. Inspekta alikuwa amesikia vilio vya uongo vya kutosha katika kazi yake, na hiki hakikuwa kimojawapo.

Baadaye mzee alieleza kwamba aliondoka dukani adhuhuri kuja kupumzika, kama kawaida yake, na kwamba mkewe alibaki. Hakuona mtu wala kusikia kitu.

Walipokuwa wakiaga, alifuta macho kwa kiganja, akamtazama Inspekta.

"Amefunga komeo la juu?"

"Nani, mzee?"

"Mama yao. Asipofunga la juu, mlango ule hufunguka kwa upepo."

Koplo alitazama chini. Njiani alisema mshtuko humfanya mtu aseme lolote. Inspekta aliitikia kwamba ndivyo ilivyo, lakini kabla ya kuingia garini aligeuka kuitazama ile nyumba.

Binti alifika kesho yake kwa basi la kwanza. Alifanya kazi katika ofisi ya manunuzi ya kiwanda kimoja, akazoea kuongea kwa mpangilio, na hata siku hiyo alijaribu kuongea kwa mpangilio. Alisimulia kwamba duka lilikuwa linakufa. Duka kubwa lilifunguliwa barabara kuu, na wazazi wake walikuwa bado wanaagiza mali kwa kukisia. Bawaba zilijaa stoo mpaka zikashika kutu, huku viungio vya mabomba vikiisha na wateja wakirudi mikono mitupu. Tena bei zilianza kugongana. Mteja wa asubuhi anauziwa kwa bei hii, wa mchana kwa nyingine, na ugomvi juu. Mama yake alimpigia akasema, mwanangu, duka linatukimbia.

Kwa hiyo akaweka akiba yake yote kwenye kompyuta. Baba yake alicheka. Mtaa nao ulicheka, eti misumari imepata karani. Lakini haikupita miezi mingi duka likasimama. Walijua kipi kinatoka na kipi kimelala, na mali iliagizwa kabla haijaisha. Fundi ujenzi aliweza kupiga simu kuuliza mabomba mangapi ya nusu inchi yapo, akajibiwa papo hapo, na kabla ya jioni amekuja na toroli lake. Hata wateja waliohamia duka kubwa walianza kurudi. Kwa mara ya kwanza maishani mama yake alikuwa anafunga duka na kwenda nyumbani bila kubaki akihesabu skrubu.

"Alinipigia simu akicheka," binti alisema. Mpangilio wa maneno yake ukaanza kumponyoka. "Tangu lini mama yangu akacheka kwenye simu?"

"Na baba yako aliionaje?"

"Mwanzoni aliitania. Baadaye akaacha kuitania."

"Kwa nini?"

"Mama alisema ameizoea."

Inspekta aliuliza kama mama yake alikuwa na tabia ya kumficha mambo. Binti alifikiri, kisha akasema hapana, kisha akasema hajui.

Ripoti ya uchunguzi wa maiti ilikuja haraka. Kifo kilitokana na pigo moja kisogoni, kwenye chuma chenye pembe. Daktari alikuwa ameomba kulipima jiliwa, lile koleo zito la kubania mabomba lililofungwa kwa bolti kwenye meza ya nyuma ya kaunta, na pembe yake ililingana na jeraha. Jiliwa lilikuwa limefutwa kwa kitambaa, lakini damu ilibaki kwenye meno yake. Mwilini hapakuwa na michubuko ya kupigwa. Viganja peke yake ndivyo vilivyokuwa na alama za kuungua, kama za mtu aliyeng'ang'ania kamba inayovutwa.

"Au waya," daktari alisema. "Huyu hakupigwa, Inspekta. Alikuwa akivutana na mtu, kitu kikamponyoka au kikaachiwa, akaanguka kinyumenyume. Na alikufa palepale. Hakuna ambacho mtu angeweza kufanya."

Mkuu wa kituo hakutaka kusikia habari za waya. Wafanyabiashara wa mtaa walikuwa wamekuja ofisini kwake wakilalamika kwamba ukinunua kompyuta umejinunulia jambazi. Fundi alikuwa ametoa kitisho mbele ya mashahidi, na ndiye aliyejua thamani ya vile vifaa. Mkuu alitaka apelekwe mahakamani.

Inspekta alishuka mahabusu. Fundi alikuwa amekonda kwa muda mfupi kuliko inavyowezekana. Mke wake alikuwa amekuja asubuhi na chakula, akarudishwa.

"Nieleze ule mfumo," Inspekta alisema. "Si kwa lugha yako. Kwa lugha yangu."

Alieleza. Unaelekeza skana kwenye lebo, kompyuta inasoma, inaleta jina la kitu na bei, inapunguza kilichouzwa kwenye idadi ya stoo. Maduka yote madogo anayoyafungia yanatumia huohuo.

"Wa kwao ulikuwa sawa na wa wengine?"

"Wa kwao tofauti kidogo. Mama aliomba maandishi yawe makubwa. Na kila kitu kiwe na picha yake."

"Picha ya msumari?"

"Picha ya kila msumari, Afande, na rafu uliko. Ilinichukua muda kupiga picha duka zima. Nilimwambia mama, hii si lazima, watu wengine hawaweki. Akasema macho yake yamechoka."

"Alikuwa anavaa miwani?"

"Hapana. Tena alikuwa anasoma ujumbe kwenye simu yangu mimi nikiwa nimeishika huku mbali. Nilishangaa, lakini ningemuulizaje mtu mzima?"

"Alisema kingine chochote?"

"Aliniomba nisimwambie mzee kwamba picha ni ombi lake. Niseme tu mashine zote zinakuja hivyo."

Inspekta aliona mbele yake mwanamke asiye na tatizo la macho akitengeneza duka ambamo mtu anaweza kuuza bila kukumbuka kitu. Aliona na sahani mbili mezani, na komeo la juu. Alitamani Koplo awe sahihi, iwe kweli ni jambazi.

Alirudi dukani pamoja na Koplo. Safari hii hawakutafuta alama za mtu aliyeingia kutoka nje. Walikwenda stoo, wakapita magunia ya saruji, mpaka kwenye rafu ya mwisho ambako wenye duka waliweka mali mbovu ya kurudishiwa wasambazaji, kama kopo la rangi lililopasuka na kitasa kisicho na ulimi. Katikati yake palikuwa na boksi. Askari walikuwa wamelipita siku ya kwanza wakidhani ni mzigo mpya, kwa sababu lilikuwa limefungwa kwa selotepu pande zote na kuandikwa kwa kalamu nene, kwa mwandiko mzuri wa kizamani: KURUDISHA.

Koplo alilifungua kwa kisu. Ndani, kila kitu kilikuwa kwenye sponji yake. Kompyuta, skana, mashine ya lebo. Nyaya zilikuwa zimeviringishwa na kufungwa kwa kamba. Waya mmoja ulikuwa umechomoka kwenye plagi yake.

Koplo aliitazama selotepu iliyojaa alama za vidole zinazoonekana hata kwa macho.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, lakini kwa sauti ya mtu anayetamani asingeijua hiyo methali.

Maabara haikuwa na kazi kubwa. Vidole vilikuwa vya mume. Uchafu waliouchukua chini ya kucha zake ulikuwa gundi ya lebo.

Binti alikuwa akilala nyumbani kwa baba yake tangu msiba. Inspekta alimkuta uani, amesimama mbele ya kamba ya nguo bila kuanika chochote. Kabla hajaulizwa, alisema baba yake anatandika sahani ya mama kila siku. Jana alimwambia tena kwamba mama amefariki, na baba akalia upya, kilio kilekile cha siku ya kwanza, kwa sababu kwake ilikuwa siku ya kwanza. Leo asubuhi ameuliza tena, naye akamwambia mama yuko dukani.

"Nimefanya vibaya?"

"Sijui," Inspekta alisema, na hakuwa anajua.

"Majirani wananiambia ni tangu mwaka juzi. Bei zilikuwa zinagongana kwa sababu yake. Alikuwa anasahau. Mama alikuwa anawaambia wateja ni yeye aliyekosea. Mimi pia aliniambia ni yeye."

Inspekta alimweleza walichokikuta stoo. Alimweleza yote, kwa sababu angeyasikia mahakamani, na mahakamani hakuna anayepunguza sauti. Binti alikaa chini palepale, kwenye saruji.

"Asubuhi anakuwa na akili zake," alisema. "Kama mnataka kumuuliza, muulizeni asubuhi."

Wakaja asubuhi. Mzee Kamusi alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi. Aliwakaribisha, akawauliza habari za kazi. Koplo aliliweka boksi mezani. Mzee alilitazama, na uso wake ukafunguka kama wa mtu anayekutana na jina alilokuwa akilitafuta.

"Hilo ni la kurudisha," alisema.

"Nani alilifunga, mzee?"

"Mimi."

"Lini?"

"Siku ile." Alilaza viganja vyake mezani. "Siku ya mama yao."

Binti alikuwa nyuma yake, mgongo ukutani. Inspekta alimkumbusha mzee kwamba halazimiki kusema, na kwamba atakachosema kitaandikwa. Mzee alisema anaelewa. Siku hiyo, kwa saa hiyo, alielewa kweli.

"Lebo ulizibandua wewe?"

"Mimi. Mama alikuwa ametoka kidogo. Nikaanza rafu ya kushoto."

"Kwa nini?"

"Ili waniulize."

"Nani?"

"Watu, mwanangu. Wateja." Sauti yake haikupanda. "Zamani mtu akiingia alikuwa ananitazama mimi. Sasa anaingia, anachukua kitu, anakielekeza kwenye kile kijitaa, kinalia, analipa. Mtoto mdogo anaweza. Kuna siku nilikaa pale tangu kufungua mpaka kufunga, na hakuna aliyeniuliza kitu. Wananisalimia tu, kama wanavyomsalimia mgonjwa. Basi nikasema, nikizitoa hizi lebo, watalazimika kuniuliza."

"Na ungewajibu?"

Pale mezani ndipo walipomwona mzee akishuka mahali ambapo pengine alikuwa akishuka kila siku peke yake.

"Nilitoa lebo ya kitasa," alisema, "nikakishika mkononi. Nikajiuliza, hiki bei gani. Sikujua. Nikatoa kingine. Sikujua. Nikawa natoa tu, haraka haraka, nikifikiri nitafika kimoja ninachokijua."

Kalamu ya Koplo ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

"Mama akarudi," mzee aliendelea. "Hakunigombeza. Angenigombeza ningeelewa. Aliinama akaanza kuziokota, anazinyoosha moja moja ili azibandike tena. Kimya. Nikamwambia acha. Akasema, mume wangu, hizi ndizo zinazokuweka hapa dukani. Nikamuuliza ana maana gani. Ndipo akaniambia."

"Alikwambia nini?"

"Kwamba nasahau. Kwamba anajua zamani. Kwamba mashine ile aliitaka kwa ajili yangu, ili nikae kaunta mpaka nife na mtu yeyote asijue. Alidhani ananipa kitu. Mimi nilisikia aibu mpaka macho yakaingia giza. Mke wangu na ile mashine walikuwa wanajua kitu kinachonihusu mimi, na mimi sikijui. Nikaishika ile mashine niitupe nje. Akashika waya. Nikavuta. Naye akavuta, alikuwa na nguvu siku zote, yule. Waya ukachomoka."

Alifungua viganja kuonyesha jinsi ulivyochomoka.

"Halafu?"

"Sikusikia sauti yake. Nilisikia ya chuma."

Binti alitoa mlio mdogo, akauzuia kwa mkono.

"Nilimwita. Nikamwekea gunia, sakafu ile ni ya baridi. Nikafuta jiliwa, maana hapendi likichafuka. Nikaifungasha mashine irudi ilikotoka. Nikaenda nyumbani nikamngoja." Akamtazama Inspekta. "Sikuwa nadanganya, mwanangu. Mliponikuta nilikuwa namngoja."

Inspekta alimwamini, na kumwamini hakukumsaidia mtu yeyote.

Fundi aliachiwa siku hiyohiyo. Hakushukuru wala kulalamika. Alirudishiwa mkanda na simu yake, akaomba jambo moja, aruhusiwe kuiwasha ile mashine aone kama imeharibika. Waliiwasha kwenye chumba cha vielelezo, Koplo akiandika kila kinachofanyika. Iliwaka bila shida. Duka zima lilikuwa mle, lenye picha na maandishi makubwa. Ilionyesha viungio vya mabomba vinakaribia kwisha na jina la msambazaji wa kumpigia. Binti aliitazama akiwa mlangoni. Alisema mtu angeweza kufungua duka kesho asubuhi na lisitetereke. Kila kitu kimo, alisema, isipokuwa wao.

"Nimetafuta mtu wa kumkasirikia," alimwambia Inspekta walipotoka nje. "Mama kwa kunificha. Baba. Mimi mwenyewe, kwa kuileta. Bado sijampata."

Inspekta alikwenda kwa Mkuu wa kituo kuuliza kama kuna njia nyingine. Mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, alifungua sheria, akaifunga. Mtu amekufa, mtu amekiri. Jalada lazima liende. Daktari wa akili alimpima mzee akasema ugonjwa umeshakwenda mbali, hautarudi nyuma, na kwamba mahakama ikimwona hawezi kujibu mashtaka itaamuru awekwe hospitali chini ya ulinzi. Hakuna dawa ya kumponya, na nyumbani hawezi kurudi. Daktari alitaja na ile methali ya zamani, mficha maradhi kifo humuumbua, kisha akaona aibu kuitaja.

Ulibaki utaratibu mmoja. Maelezo yalipaswa kusomwa mbele ya mtoa maelezo, naye ayathibitishe kwa saini. Daktari alishauri wangoje siku nzuri. Walingoja. Siku nzuri zilikuwa zimeanza kuwa chache, na mwishoni hawakuweza kungoja tena.

Walikaa katika chumba chenye dirisha, mchana, Inspekta, Koplo, daktari na binti. Mzee Kamusi aliletwa na muuguzi. Alimsalimia kila mmoja kwa adabu, binti yake pia, kama mgeni.

Inspekta alisoma taratibu. Alisoma habari za lebo, za kitasa, za mwanamke aliyeinama kuokota karatasi na kuzinyoosha. Mzee alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono mapajani, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari mbaya kutoka mbali. Aliposikia habari ya gunia alitikisa kichwa. Aliposikia ya waya alifumba macho.

Inspekta alimaliza.

"Masikini," mzee alisema. "Huyo mama aliacha watoto?"

"Binti mmoja," Inspekta alijibu.

"Pole yake."

Binti alikuwa ameshika ukingo wa kiti kwa mikono miwili.

"Na aliyefanya haya, mmemkamata?"

Koplo aligeukia dirishani. Daktari alimtazama Inspekta, na Inspekta akaiweka karatasi mezani.

"Tumemkamata, mzee."

"Afadhali." Alivuta karatasi, akashika kalamu, akatafuta mstari kwa ncha ya kidole, akaandika jina lake lote kwa ule mwandiko mzuri. Kisha akamsogezea Inspekta karatasi, kama mwananchi mwema aliyewasaidia polisi.

"Msimwonee huruma," alisema.